Jina la Nane Mlangoni

Ukurasa huu umetoka kwenye daftari langu la enzi za uanafunzi. Nimelikuta juzi ndani ya sanduku la mama, panya wamekula pembe zake. Naunakili hapa kwenye blogu yangu bila kuupamba. Nilikuwa na mdomo mkali wakati ule, nimeuacha ulivyo.

*

Jumamosi, asubuhi

Mvua zimekwisha, na baridi imetuingilia bila hodi. Ukungu umelala juu ya reli, na mtu akisema neno, moshi unamtoka mdomoni. Nimevaa triko mbili, sweta juu ya sweta, moja yangu na moja ya Marta. Bado baridi inapita.

Treni ya kwenda Kolwezi itapita mchana, kama haikufia njiani. Marta anaondoka nayo. Kabla haijafika nataka nijue ni nani aliyemtaja.

Nimemwahidi. Jana alipokuwa anafunga godoro lake kwa kamba, hakulia, hakulaani mtu. Aliniambia neno moja tu: "Mi nitaenda, haina maneno. Lakini nataka nijue ni nani alitaja jina yangu." Nikamwambia nitampata huyo mtu, wallahi nitampata, hata akijificha ndani ya gunia la mahindi.

Nieleze mambo kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa.

Marta Ilunga ni rafiki yangu. Huu ni mwaka wa pili tunalala chumba kimoja, katika nyumba ya zamani ya masista, nyuma ya shule yetu ya sheria hapa Kasaji. Jumanne, treni ilipotoka Kolwezi, ilileta karatasi. Ikabandikwa kwenye mlango wa stoo, ule tunaobandikia matokeo ya mitihani. Karatasi inasema wanafunzi wenye asili ya Kasai, jimbo la jirani, "warudi kwao" kabla ya Jumapili, vinginevyo vijana watakuja kuwatoa. Chini kuna majina manane.

Saba kati yao kila mtu aliwajua. Wanaimba Kiluba cha Kasai kwenye kwaya ya Jumapili, hawakuwahi kujificha. Jina la nane ni Marta.

Hapo ndipo nilipoanza kuota miba. Jina la Ilunga liko huku Katanga na liko kule Kasai, ukilisikia huwezi kujua kitu. Marta amezaliwa Kolwezi. Kiswahili chake ndicho changu, bukari yake, ugali wetu, anaila na sombe ya majani ya mihogo kama mimi, na Kasai yenyewe hajaikanyaga hata siku moja. Hapa shuleni wote walimhesabu mtoto wa kaskazini ya Katanga, na yeye aliwaacha wahesabu. Lakini kwenye ile karatasi, pembeni ya jina lake, mtu ameandika: "Babu yake mtu wa Luputa, Kasai, aliletwa na wazungu kwa kazi ya mgodi."

Kwa hiyo kuna mdomo uliosema. Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu Jumanne nakung'uta nguo zote.

Kabla sijaendelea, acha niandike kwamba tulikuwa na furaha. Najijua. Siku moja nitakuja kusimulia kwamba hapa tuliteseka tu, na nitakuwa nasema uongo.

Shule yetu iko porini, tusidanganyane. Ni majengo manne ya wamisionari, reli upande mmoja, mashamba ya mihogo upande mwingine. Nilipofika mwaka jana nililia. Nilitaka Lubumbashi, nilitaka mji wenye taa. Sasa ukiniuliza, nitakuambia sijawahi kuishi vizuri namna hii. Msimu huu hasa, mvua zikikatika, karanga zinang'olewa mbichi, viazi vitamu vinachomwa kwenye majivu, na profesa akikwama na treni yake huko Tenke, wiki nzima tunajisomea wenyewe juani, migongo imeegemea ukuta wa kanisa kama mijusi.

Silabusi ya sheria ya ushahidi, yale maelezo ya profesa yaliyopigwa chapa, iko moja kwa darasa zima. Mimi na Marta tuliigawana: yeye anakili nusu ya kwanza, mimi nusu ya pili, kisha tunasomeana kwa sauti. Mimi nasoma kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Yeye anasoma polepole, na akifika kwenye neno gumu anasimama, ananitazama mpaka nilieleze. Palipoandikwa kwamba mashaka ni faida ya mshtakiwa, alinirudisha mara tatu, kwa sababu nilisema huo ni upole wa bure kwa wezi.

Na Ijumaa! Ijumaa ndiyo siku yetu. Tunapanga meza kwenye jumba la zamani la katekisimu, tunavaa majoho ya kwaya, tunafanya kesi ya mchezo. Watu wa vijijini wanakuja na baiskeli zao kutazama. Siku moja mzee mmoja akasimama katikati ya kesi yetu akasema ana kesi yake ya kweli: nguruwe wa jirani amefukua karanga zake. Deo, kiongozi wa darasa, akamweleza kwa heshima kwamba huu ni mchezo tu. Mzee akauliza, kama ni mchezo, mbona mmevaa majoho? Marta, ambaye ndiye aliyekuwa hakimu siku hiyo, akamwita mwenye nguruwe, akawasikiliza wote wawili mpaka jua likageuka, akaamua mwenye nguruwe alime mistari miwili na kuipanda upya msimu ujao. Akakubali! Tangu hapo wanamwita Mama Hakimu, na kila Ijumaa kuna mtu amekuja na shida yake.

Marta ana desturi yake akihukumu. Kabla ya kukata shauri anaweka kalamu chini, anamtazama mshtakiwa, anamuuliza kama ana neno la mwisho. Hata kwenye kesi ya mchezo watu wanatulia.

Ijumaa ya wiki mbili zilizopita hata mjomba Firmin alisimama mpaka mwisho. Ni kaka wa mama yangu, karani huko Kolwezi, alikuja kutafuta mahindi kwa sababu kule mjini kiwanda kimesimama na masoko yameliwa na askari. Siku hizi anavaa pini ya kamati ya mtaa wake kifuani. Nilimtania kama ni ya shaba au ya bati, akacheka. Akaniuliza yule msichana anayehukumu ni mtoto wa nani. Nilifurahi sana kuulizwa. Mkubwa akikuuliza mtu ni mtoto wa nani, hujibu jina tupu, hiyo ni dharau kwake na kwa yule mtu. Unataja baba, unataja babu, unataja walikotoka na kazi zao, ndipo mkubwa ajue anamsalimia nani. Nikamtaja Marta hivyo, kwa urefu, na kwa majivuno yote ya rafiki. Mjomba alimpa mkono, akamwita binti yangu.

Basi ndiyo hiyo furaha. Sasa turudi kwa nyoka.

Wa kwanza ninayemshuku ni Deo. Yeye ndiye anayeshika faili la darasa. Mwanzo wa mwaka alitupitisha mmoja mmoja akiandika asili ya kila mtu, kijiji cha baba na kadhalika, eti ofisi imetaka. Mtu anayependa kuandika namna ile, mimi simwamini. Tena tangu Jumanne hanitazami usoni. Jana nilimvamia, nikamwambia mbele ya watu kwamba ameuza wenzake kwa karatasi. Alikwenda akaleta faili, akalifungua juu ya magoti yangu.

"Angalia weye mwenyewe," akasema. "Mi naandika tu ile munaniambia."

Kwenye jina la Marta, mahali pa asili, ameandika: Kolwezi. Hakuna babu. Hakuna Luputa. Nilisoma mara mbili nikitafuta mahali palipofutwa. Hapakufutwa kitu. Sikumwomba radhi, nilimwambia kwamba hii haimsafishi moja kwa moja. Ni kweli nilisema hivyo. Naona aibu kidogo, ila si nyingi.

Wa pili ni Mama Veronika, mpishi wetu. Huyo masikio yake yanafika mpaka Kisenge. Alikuwa anampenda Marta, alikuwa anamwekea ukoko wa bukari chini ya sufuria, na wiki hii amekoma. Hakuna ukoko, hakuna utani. Mtu anayekoma kukupa ukoko amekufanyia kitu. Asubuhi hii, kabla ya kuandika haya, nilikwenda jikoni kwa mlango wa nyuma, nikamkuta anafunga kitu kwenye kitambaa. Aliponiona akakisukuma chini ya kitenge chake. Nikamwambia akitoe. Mimi, msichana wa miaka ishirini, nikamwamuru mama wa watu!

Akakitoa. Viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga za kuchemsha, na ukoko wote wa wiki nzima, umekaushwa juani.

"Ni ya njia," akasema. "Usibaambie benzako, batamaliza."

Nimerudi chumbani nimekaa kwenye kitanda. Marta amekwenda kuaga kanisani. Upande wake wa chumba umebaki mbao tupu na msumari mmoja ukutani. Sina mtu mwingine wa kumshuku. Nitaendelea baadaye.

*

Saa tisa mchana

Treni imeondoka.

Nisamehe, daftari.

Tulimsindikiza wengi. Wengine hawakuja, nao nimewaona, walikuwa nyuma ya madirisha yao. Deo, yule yule niliyemtukana, alilibeba sanduku la Marta kwenye baiskeli yake mpaka stesheni, akilisukuma bila kunitazama. Wale saba walikuwa wamekwisha kufika, wamekaa juu ya mizigo yao. Baba yake Marta na wadogo zake wako stesheni ya Kolwezi, wiki ya pili sasa, chini ya turubai na mamia ya watu, wanangoja behewa la kwenda kaskazini. Baba huyo ni fundi, maisha yake yote ametengeneza mashine za mgodi ule. Marta atawafuata hapo, kisha watapita Tenke, kisha huko Kasai.

Tulikaa mimi na yeye juu ya godoro lake lililokunjwa. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua la baridi, lile linaloangaza bila kuchoma. Akaniuliza kama nimempata. Nikamweleza habari ya Deo na faili, nikamweleza habari ya Mama Veronika na ukoko. Hapo alicheka mpaka akashika mbavu, akasema nina bahati sikupigwa na mwiko.

Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo tu:

"Na unajua? Sisi hatuko batu ba Luputa. Babu alipandia tu treni pale. Kijiji yetu ni ingine, ni mbali na reli. Sijui nani alibaambia Luputa."

Hapo nikampata.

Kwa sababu mimi namjua mtu mmoja anayedhani babu yake Marta ni wa Luputa. Ni mimi.

Mwaka jana, mvua za kwanza, bati linavuja na hatuwezi kulala, Marta alinisimulia jinsi babu yake alivyoletwa. Alipanda treni Luputa na blanketi moja na jogoo, na yule jogoo aliwika katika kila stesheni mpaka Kolwezi. Tulimcheka yule jogoo usiku kucha. Sikuuliza kijiji. Nilishika Luputa, nikaiweka kichwani, na tangu siku ile kwangu yule mzee akawa mtu wa Luputa. Nilikosea. Na kosa langu limebandikwa kwenye mlango wa stoo, kwa wino.

Nalo nimelisema kwa mtu mmoja tu.

Sasa namwona mjomba Firmin tena, pale nje ya jumba la katekisimu, mikono nyuma. Ninapotaja baba anaitikia. Ninapotaja babu anainamisha kichwa ili asikie vizuri. "Luputa," akarudia, polepole, kama mtoto anayekariri somo. Nikadhani ni heshima. Nikaongeza na mgodi, na wazungu, ili picha ikamilike. Alipanda treni Jumamosi ile na magunia yake mawili ya mahindi, na neno langu mfukoni. Jumanne ya pili baada ya hapo, karatasi ikafika.

Yote hayo yalipita kichwani mwangu nimekaa juu ya godoro, bega langu limegusa bega lake. Marta akauliza, "Basi ni nani?"

Nikatazama reli. Nikasema sijajua.

Nimeandika hapa ili nisije nikajidanganya. Aliniuliza waziwazi, nami nilikuwa nimekwisha kujua, na nikasema sijajua.

Treni ilifika imejaa. Tulipitisha sanduku na godoro kwa dirisha, Deo akimsukuma Marta kutoka chini, mtu asiyemjua akimvuta kutoka ndani. Mama Veronika alitupa kifurushi chake, kikadakwa. Wale saba waliingia walikoweza. Kisha Marta akajitokeza dirishani, kilemba kimemlegea, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. Hakunipungia mkono. Aliniangalia vile anavyoangalia akiweka kalamu chini.

"Maître," akaniita, kwa cheo cha mawakili tunachotaniana nacho, "uko na neno ya mwisho?"

Watu walikuwa wanalia, filimbi inalia, na mimi nilikuwa nalo. Lilikuwa limejaa mdomoni. Lilikuwa neno fupi, lisingenichukua hata pumzi moja.

Nikasema, "Safari njema."

Akainamisha kichwa, mara moja, kama anavyofanya kwenye meza ya hakimu, mshtakiwa akimaliza kusema. Treni ikamchukua.

Sasa niko chumbani na sijui kama alijua. Ile habari ya Luputa aliisema kwa bahati tu, au aliniwekea mbele ili niiokote? Habari ya jogoo yule alimsimulia nani mwingine zaidi yangu? Wiki nzima nimewashuku watu wasio na hatia, na sasa namshuku Marta mwenyewe: kwamba alijua akanisamehe, au alijua akaniachia nijihukumu. Sijui lipi ni baya zaidi. Amesahau triko yake mwilini mwangu, au hakuitaka. Na nusu yake ya silabusi ameiacha juu ya mto wangu, imefungwa vizuri kwa uzi.

Ndani yangu kuna wakili anayenitetea tangu mchana. Anasema sikukusudia. Anasema mkubwa aliuliza, nami nilijibu kama nilivyolelewa, na mtoto mwenye adabu angefanya nini? Anasema vizuri sana, huyo wakili. Lakini nikijiweka kwenye meza ya Marta najua swali ambalo lingekuja. Je, hukuiona ile pini kifuani? Niliiona. Niliitania. Kila mtu Kolwezi anajua kamati zile mwaka huu zinatafuta watu wa Kasai wa kufukuza, na mimi nilijua, ila nilikuwa nadhani zinatafuta watu wengine, si mtu wangu.

Mashaka ni faida ya mshtakiwa. Lakini hapa hakuna mashaka.

Nimekwenda kwa Deo, nimemwomba radhi. Ameniuliza kama nimempata aliyetaja jina. Nimesema ndiyo. Hakuuliza ni nani, akanisogezea kiti. Kwa Mama Veronika nitakwenda nikiisha kunawa uso.

Kwa mjomba sitaandika salamu wala kwaheri. Akija tena kutafuta mahindi atanikuta nimefunga mlango, na mama yangu akasirike atakavyo.

Nilitaka pia kumwandikia Marta, leo hii, kabla ujasiri haujapoa. Nimechukua karatasi, nimeandika jina lake juu. Nikafika kwenye anwani nikasimama. Stesheni ya Kolwezi, chini ya turubai, hakuna posta. Na huko wanakokwenda najua jina la mahali pamoja tu, nalo ni Luputa, na si kwao.

Kijiji chenyewe sikuuliza. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, ameniambia ni kingine, na sikuuliza.

*

Hapo ndipo ukurasa unapoishia, chini yake kuna doa la mafuta ya taa. Nimekuwa wakili kweli, nimezeeka katika kazi hiyo, na kila mara hakimu akimuuliza mtu kama ana neno la mwisho mimi hutazama chini.

Sijui kama Marta yuko hai. Blogu haiulizi anwani, ndiyo maana ile barua niliyoshindwa kuiandika nimeiweka hapa. Marta, kama unasoma: nilikuwa na neno. Ni mimi niliyekutaja.